Mpira ukifika kileleni umesimama: mbona bado una mchapuko?

*"Mwalimu, nimeamua kusoma fizikia upya nikiwa mtu mzima ili nifanye mtihani niliouacha zamani, na nimekwama kwenye sura ya kwanza kabisa, ile ya mwendo. Kanuni ya mwendokasi naijua: umbali gawanya kwa muda. Lakini swali moja lilisema gari limekwenda safari ya kilomita 60 kwa mwendokasi wa kilomita 30 kwa saa, likarudi kwa njia ile ile kwa kilomita 60 kwa saa, tutafute wastani. Nikajibu 45, kitabu kinasema 40, na chini yake kinaongeza kwamba velositi ya wastani ni sifuri, kana kwamba gari halikwenda popote. Swali jingine ni la mpira uliorushwa juu. Najua ukifika kileleni unasimama kabla ya kuanza kushuka, lakini kitabu kinasisitiza kwamba hata pale mchapuko wake ni 9.8. Kitu kilichosimama kinachapukaje? Na mpira unapopanda, si nguvu ya mkono ndiyo bado inausukuma? La mwisho: mwendokasi wa papo hapo ni nini, ikiwa papo hapo hakuna muda wa kugawanyia? Kanuni zote nimezikariri na bado nakosa. Naanza kuhofu kwamba akili yangu haikuumbiwa somo hili."*

Ndugu msomaji, nianze na hofu yako ya mwisho, maana ukiendelea kuibeba haitakuacha uyasome hayo mengine kwa utulivu. Maswali uliyokwama nayo si ya mtu asiye na akili ya fizikia. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu hakiendelei kusogea bila kuwapo kitu kingine kinachokisogeza, na fundisho hilo, ingawa wapo wanazuoni waliolipinga, lilikuwa na nguvu vyuoni kwa karibu miaka elfu mbili, mpaka wanasayansi Galileo na baada yake Newton walipolipindua katika karne ya 17. Unapouliza kama nguvu ya mkono bado inausukuma mpira ulioko hewani, unauliza jambo lile lile lililowasumbua watu waliokuwa na akili kubwa na muda mwingi wa kufikiri. Ulichokosa ni maelezo, na hayo ndiyo nitakayojaribu kukupa.

Nikiyatazama makosa yako kwa pamoja naona yana chimbuko moja. Umekariri kanuni kama vitu vilivyo mbalimbali, ilhali zote ni tendo moja linalorudiwa: unachukua badiliko la kitu fulani, kisha unaligawanya kwa muda ambao badiliko hilo limetokea. Kinachotofautisha kipimo kimoja na kingine ni jibu la swali fupi, "badiliko la nini?" Mwendokasi unahesabu umbali uliopitwa kwa kila sekunde au kila saa. Velositi inahesabu badiliko la mahali kitu kilipo, pamoja na upande kilikoelekea. Mchapuko haushughuliki na mahali hata kidogo, kwa kuwa wenyewe unahesabu badiliko la velositi. Ukilishika swali hilo fupi, utaona kwamba kila ulipokosa ulikuwa umejibu kuhusu badiliko moja huku kitabu kikiuliza kuhusu jingine.

Tuanze na lile gari. Ulipopata 45 ulijumlisha 30 na 60 ukagawanya kwa mbili. Hesabu hiyo ina dai lililojificha ndani yake, kwamba gari lilidumu katika kila mwendokasi kwa muda ulio sawa. Je, ndivyo ilivyokuwa? Kwenda kilomita 60 kwa mwendokasi wa kilomita 30 kwa saa kunachukua saa 2, na kurudi kilomita hizo hizo kwa kilomita 60 kwa saa kunachukua saa 1. Gari lilitumia kwenye mwendo wa polepole muda ulio mara mbili ya ule lililotumia kwenye mwendo wa haraka, kwa hiyo wastani ni lazima uvutwe upande wa 30. Umbali wote ni kilomita 120, muda wote ni saa 3, na jibu ni kilomita 40 kwa saa. Jibu lako la 45 lingekuwa sahihi kabisa kama swali lingesema gari lilikwenda saa moja kwa 30 na saa nyingine moja kwa 60, maana hapo lingepita kilomita 90 kwa saa 2. Kosa halikuwa kwenye kujumlisha wala kugawanya. Wastani wa mwendokasi hupimwa kwa muda, nawe uliupima kwa idadi ya vipande vya safari.

Nikuongezee swali moja ambalo, kwa maoni yangu, linafundisha kuliko lile la kitabuni. Gari limekwisha kwenda kwa kilomita 30 kwa saa. Lirudi kwa mwendokasi gani ili wastani wa safari nzima uwe 60? Wengi hujibu 90, kwa sababu kati ya 30 na 90 katikati ni 60. Hebu tuhesabu. Kurudi kwa 90 kunachukua dakika 40, safari nzima inakuwa saa 2 na dakika 40, na wastani unatoka 45 tu. Ukirudi kwa 120 unapata 48. Sasa angalia kutoka upande wa pili: kilomita 120 kwa wastani wa 60 zinahitaji saa 2, na saa hizo 2 zilikwisha kutumika kabla gari halijageuza. Ili wastani ufike 60 gari lingepaswa kurudi bila kutumia hata sekunde moja. Hakuna mwendokasi wa kufanya hivyo, hata ule wa mwanga ambao ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Ukilifanya swali hili kwa mkono wako mwenyewe, ukibadilisha namba mara kadhaa, nadhani hutarudia tena kujumlisha mwendokasi na kugawanya kwa mbili bila kwanza kuuliza habari za muda.

Sasa hiyo velositi ya sifuri. Hapa swali la "badiliko la nini?" linamaliza utata upesi. Kitabu hakisemi gari halikwenda popote; kinasema limeishia pale pale lilipoanzia, na kwa kuwa mahali lilipo hapajabadilika, badiliko la mahali ni sifuri, na sifuri ikigawanywa kwa saa 3 ni sifuri. Kilomita 120 zimo kwenye mwendokasi, nao haujali gari limeelekea wapi. Huenda unajiuliza faida ya kipimo kinachofuta safari nzima. Faida yake utaiona ukifikiria ndege inayoruka kwa kilomita 800 kwa saa. Ukijua mwendokasi huo peke yake, baada ya saa moja ndege inaweza kuwa popote ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 800. Ukijua pia kwamba imeelekea kaskazini moja kwa moja bila kukata kona, unaweza kuweka nukta moja kwenye ramani. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukivuma kutoka nyuma yake, itapita juu ya ardhi kwa 900. Ukivuma kutoka mbele, itapita kwa 700. Namba ni zile zile 800 na 100, upande ndio unaoamua kama zinajumlishwa au zinatolewa.

Kuna tokeo jingine la jambo hili ambalo wanafunzi hulipita haraka. Gari likikata kona huku mshale wa spidomita ukibaki kwenye 50 bila kutikisika, mwendokasi wake haujabadilika, lakini upande umebadilika, kwa hiyo velositi imebadilika, na kwa hiyo gari lina mchapuko. Abiria anautambua mwilini: mwili wake unataka kuendelea mbele moja kwa moja huku kiti na mlango vikimwelekeza ndani ya kona.

Kuhusu mwendokasi wa papo hapo, umeligusa jambo ambalo Zeno wa Elea, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, aliligusa katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliposema kwamba mshale ulioko hewani, katika kila nukta ya wakati, uko mahali pamoja tu, basi katika nukta hiyo hausogei. Wasiwasi wako una haki. Kugawanya kwa sifuri hairuhusiwi, na hakuna anayegawanya kwa sifuri hapa. Kinachofanyika ni kugawanya kwa muda mfupi, kisha mfupi zaidi, kisha mfupi zaidi ya huo, na kuangalia majibu yanaelekea wapi.

Chukua mbio za mita 100 ambazo Usain Bolt alizikimbia mjini Berlin mwaka 2009 kwa sekunde 9.58. Wastani wake ni mita 10.44 kwa sekunde, yaani kama kilomita 37.6 kwa saa. Namba hiyo ni ya kweli lakini inaficha mengi. Zilipopimwa vipande vya mita 20, cha kwanza kilimchukua sekunde 2.89, cha pili 1.75, cha tatu 1.67, cha nne 1.61 na cha mwisho 1.66. Gawanya mwenyewe: kipande cha kwanza kina wastani wa mita 6.92 kwa sekunde, kwa kuwa ndani yake mna muda wa kuitikia mlio wa kuanzia mbio na kuinuka kutoka chini. Cha nne kina mita 12.42 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 44 kwa saa. Na cha mwisho kinashuka kidogo. Kadiri unavyokata vipande vifupi, ndivyo unavyoona mwendo ulivyokuwa hasa.

Tukate zaidi, safari hii kwa jiwe lililoachiwa lianguke, ambalo umbali wake kwa mita ni 4.9 mara muda kwa sekunde mara muda huo tena. Tunataka kujua mwendokasi wake sekunde 1 kamili baada ya kuachiwa. Kuanzia sekunde ya 1 hadi ya 2 linaanguka mita 14.7, kwa hiyo wastani ni 14.7. Kuanzia 1 hadi 1.1 wastani ni 10.29. Kuanzia 1 hadi 1.01 ni 9.849. Kuanzia 1 hadi 1.001 ni 9.8049. Unaona majibu yanakokimbilia: 9.8. Namba hiyo ambayo wastani unaisogelea kadiri muda unavyofupishwa, bila muda wenyewe kuwa sifuri, ndiyo inayoitwa mwendokasi wa papo hapo. Newton na mwanahisabati Mjerumani Leibniz walijenga juu ya wazo hili tawi zima la hesabu, lakini wazo lenyewe ni hilo ulilokwisha kulifanya kwa kugawanya namba nne.

Hata spidomita ya gari hufanya vivyo hivyo. Katika magari mengi ya sasa kuna kihisi kinachohesabu meno ya pete inayozunguka pamoja na gurudumu au na sehemu ya giaboksi. Ikiwa mzingo wa tairi ni mita 2 na gari linakwenda mita 20 kwa sekunde, gurudumu linazunguka mara 10 kila sekunde, na pete yenye meno 48 itapitisha meno 480. Kompyuta ya gari inahesabu meno yaliyopita katika sehemu ndogo ya sekunde na kukuonyesha mwendokasi. Kwa hiyo kile unachokisoma kwenye dashibodi ni wastani wa muda mfupi sana. Ndiyo maana pia mtu akifunga matairi makubwa kuliko yale ya asili, spidomita inasema kidogo kuliko ukweli: meno ni yale yale, lakini kila mzunguko sasa unapita umbali mrefu zaidi.

Twende kwenye mpira, ambao naona ndio uliokusumbua kuliko yote. Tuseme umerushwa wima juu kwa mita 19.6 kwa sekunde, na tuache hewa kando kwa sasa. Mvutano wa dunia unaondoa 9.8 kutoka kwenye velositi hiyo kila sekunde inayopita. Baada ya sekunde 1 imebaki 9.8. Baada ya sekunde 2 ni sifuri, na hapo ndipo kileleni, mita 19.6 juu ya mkono. Baada ya sekunde 3 ni 9.8 kuelekea chini, na baada ya sekunde 4 mpira unaurudia mkono kwa mita 19.6 kwa sekunde ile ile ulioondoka nayo. Tazama sasa mtiririko huo: 19.6, 9.8, 0, kasoro 9.8, kasoro 19.6. Kutoka namba moja hadi inayofuata tofauti ni 9.8 bila kukosa, na hiyo tofauti ndiyo mchapuko. Sifuri iliyoko katikati ni namba mojawapo tu kwenye msururu; haina uwezo wa kusimamisha upunguzaji unaoendelea.

Fikiria tangi la maji. Kiasi cha maji kilichomo ni jambo moja, na kasi ya bomba linaloingiza maji ni jambo jingine. Tangi linaweza kuwa tupu kabisa huku bomba ndiyo kwanza limefunguliwa kwa nguvu, na linaweza kuwa limejaa huku bomba limefungwa. Velositi ni maji yaliyomo. Mchapuko ni bomba. Ukiniambia tangi ni tupu, sijajua lolote kuhusu bomba.

Hoja yenye nguvu zaidi ni hii: tuseme kitabu kinakosea na mchapuko kileleni ni sifuri. Mchapuko wa sifuri maana yake velositi haibadiliki, na velositi yenyewe pale ni sifuri, kwa hiyo ingebaki sifuri, na mpira ungening'inia angani usishuke kamwe. Kwa kuwa unashuka, lazima mchapuko ulikuwapo pale pale kileleni. Neno "kusimama" ndilo lililokuchanganya, kwa sababu katika maongezi ya kawaida kitu kilichosimama ni kitu kinachokaa mahali kwa kitambo. Mpira haukai. Velositi yake ni sifuri katika nukta moja ya wakati isiyo na urefu wowote. Macho yako, hata hivyo, hayakukudanganya bure: katika sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya kilele na moja ya kumi baada yake, mpira hausogei zaidi ya sentimita 5 chini ya kilele, na ukiutazama kutoka umbali wa mita 20 utaona kama umetulia. Hizo sentimita 5 ndizo unazoziona kama kusimama.

Jambo dogo kuhusu alama ya kasoro, kwa kuwa naona litakufikia karibuni: haimaanishi "kupungua mwendo". Inamaanisha upande ulio kinyume na ule uliouchagua kuwa wa chanya. Ukichagua juu kuwa chanya, mchapuko wa mpira ni kasoro 9.8 safari nzima. Mpira unapopanda, mchapuko huo unapunguza mwendo wake; mpira unaposhuka, huo huo mchapuko wa kasoro unauongeza.

Na ile nguvu ya mkono? Iliisha pale vidole vilipoachana na mpira. Kuanzia hapo mkono hauna njia ya kuufikia, na hakuna akiba ya nguvu iliyowekwa ndani inayotumika polepole mpaka kumalizika. Mkono uliupa mpira velositi, na velositi haihitaji kusukumwa ili idumu. Kinachohitaji nguvu, au kani kama vitabu vinavyoiita, ni kubadilika kwa velositi. Kani pekee iliyobaki ni ya dunia, inayovuta kuelekea chini wakati mpira unapanda, ulipo kileleni, na unaposhuka, kwa kiasi kile kile, na ndiyo sababu mchapuko nao haubadiliki.

Najua hili linapingana na kila unachokiona. Ukiacha kusukuma sanduku sakafuni linasimama. Ukiacha kukanyaga pedali baiskeli inapunguza mwendo. Lakini kinachovisimamisha ni msuguano na hewa, ambavyo navyo ni kani, tena vinafanya kazi hasa ya kubadilisha velositi. Galileo alilifikia jambo hili kwa tufe alizoziviringisha kwenye mbao zilizoinama, akipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyotiririka kutoka kwenye chombo, kwa kuwa hakuwa na saa ya kutosha kwa kazi hiyo. Alitafakari hivi: tufe likishuka mteremko mmoja na kupanda wa pili, linajaribu kufikia kimo kile kile lilichoanzia. Ukiulaza mteremko wa pili, itabidi liende mbali zaidi ili kufikia kimo hicho. Ukiulaza kabisa ukawa tambarare, halitafikia kimo hicho kamwe, na kama hakuna cha kulizuia litaendelea tu. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1638, na Newton akaliweka wazo hilo kuwa sheria ya kwanza ya mwendo mwaka 1687. Leo tunao ushahidi ambao wao hawakuupata: chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinaendelea kuliacha jua kwa takribani kilomita 17 kwa sekunde bila injini yoyote kukisukuma mbele.

Nimesema tuiache hewa kando, na ni haki nikwambie kwamba hewa ipo. Namba 9.8 ni ya kitu kinachoanguka bila kuzuiwa. Unyoya hauifuati duniani, ingawa mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja mwezini, pasipo na hewa, vikafika chini pamoja. Swali la mtihani likikwambia upuuze hewa, ipuuze kwa moyo mweupe, lakini usidhani dunia nayo imeipuuza.

Sasa namna ya kusoma. Wanafunzi wengi huanza na ile pembetatu yenye umbali juu, mwendokasi na muda chini, unayoifunika kwa kidole upate kanuni. Inasaidia siku ya mtihani mtu akiwa na haraka, na sitakuzuia kuitumia, ila ni ya mwendo usiobadilika au wa wastani tu. Ukiipeleka kwenye mpira wetu itakupa majibu ya ovyo bila kukuonya. Vivyo hivyo zile kanuni za mwendo wenye mchapuko: zinafaa pale mchapuko unapokuwa haubadiliki, sharti ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Kuangalia vipimo ni kinga nafuu kuliko zote. Mwendokasi ni mita kwa sekunde, mchapuko ni mita kwa sekunde kwa kila sekunde, na jibu likitoka na kipimo kingine ujue kuna mahali umeteleza. Na kabla ya kuchanganya namba, kilomita kwa saa zigawanye kwa 3.6 upate mita kwa sekunde.

Lakini kama ungeniuliza uweke nguvu zako wapi, ningekwambia kwenye grafu, bila kusita. Chora velositi ya ule mpira dhidi ya muda. Utapata mstari mmoja ulionyooka unaoanzia 19.6, unaukata mhimili wa muda kwenye sekunde 2, na kuendelea chini hadi kasoro 19.6. Mwinamo wa mstari ndio mchapuko. Uangalie pale unapoukata mhimili: haupindi, haulali, hausiti. Mstari wenyewe umejibu swali lako. Tena eneo lililo kati ya mstari na mhimili linakupa badiliko la mahali, jambo linaloeleza kwa mfano kwa nini gari linalokwenda 100 likifunga breki linahitaji umbali mara nne ya lile linalokwenda 50: pembetatu inayochorwa na mstari wake kwenye grafu ina kimo maradufu na kitako maradufu. Kwa breki zinazopunguza velositi kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde, ni kama mita 14 kwa lile la 50 na mita 55 kwa lile la 100, mbali na umbali unaopitwa kabla mguu haujafika kwenye breki.

Jihadhari tu na jambo moja kwenye grafu: soma kwanza kilichoandikwa kwenye mhimili wa wima. Mstari uliolala kwenye grafu ya umbali ni kitu kilichotulia. Mstari uliolala kwenye grafu ya velositi, kama haupo kwenye sifuri yenyewe, ni kitu kinachokwenda kwa mwendo usiobadilika. Na mstari unaopanda si kilima.

Haya yote unaweza kuyafanya peke yako, na kwa namna ulivyoliandika swali lako naamini utayaweza. Yapo mambo mawili, hata hivyo, ambayo maandishi hayatayatibu. La kwanza ni kama unakwama kwenye hesabu yenyewe, yaani sehemu, kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa mlinganyo hadi mwingine, au namba hasi. Hapo tatizo si fizikia, na majuma machache na mwalimu wa hesabu yatakufaa kuliko miezi ya kurudia sura ya mwendo. La pili ni kama, baada ya kuchora grafu kadhaa, bado unajikuta unapata jibu sahihi usiloliamini. Hilo linahitaji mtu wa kuketi nawe ana kwa ana, akusikilize ukieleza kwa sauti mpira unafanya nini katika kila sekunde, na akusimamishe pale maelezo yanapopinda. Ukienda kwake, mpelekee daftari lenye majibu yako ya mwanzo kama ulivyoyaandika, ikiwamo ile 45, bila kuyafuta.